Mkono wa Kulia

Nilipofikishwa Muhimbili, mkono wa kulia
ulikuwa umeshalala kabla yangu.
Mpaka leo haujaamka.
Nauogesha, naupaka mafuta, nauvisha bangili,
kama mtoto niliyeachiwa kwa wiki moja
na mwenyewe hajarudi.

Watu wa Buguruni walikuja na methali.
Mkono mmoja haulei mwana.
Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.
Nikawaambia: ng'ombe sina,
na mwana ninaye, ana ndevu, analala mpaka saa nne.
Mimi nataka kukata kitunguu.

Kitunguu kimoja! Kilinikimbia
kutoka mezani mpaka uvunguni,
nami nakifuata na kisu,
nalia, jicho la kulia na la kushoto,
kabla hata sijakimenya.

Ndipo Pazi, fundi vitanda wa Keko
(namdai hela ya maandazi tangu mfungo uliopita),
akaleta kipande cha mninga
kilichobaki kwenye kitanda cha bi harusi fulani.
Nikamwambia, piga misumari miwili hapa,
ncha zichomoze upande wa pili.
Akasema, bibi, utajichoma.
Nikasema, piga.
Chini tukagongomea soli ya kandambili, ubao usiteleze.
Ya kushoto. Ya kulia ilichukuliwa na mbwa.

Sasa kitunguu kinatulia pale
kama mdaiwa mbele ya mjumbe.
Kiazi kinatulia. Chungwa linatulia.
Kisu hakiulizi mkono wa pili uko wapi.

Kijana mmoja wa Gerezani alinikunjia nondo,
zinabana sufuria ya ugali huku na huku,
nami nasonga, nasonga,
mpaka meza inagonga ukuta na jirani anauliza kuna nini.
Chupa ya mafuta naitia kwenye droo,
droo naisukuma kwa nyonga, kifuniko nakizungusha.
Nazi naiketisha juu ya kata ya kanga chakavu
ndani ya kopo la rangi. Pigo moja la mchi.
Mbuzi tu ndiye sikumbadilisha kitu.
Yeye alijua tangu zamani
kwamba kazi nyingine hukaliwa, hazishikwi.

Kula kulikuwa kugumu kuliko kupika.
Miaka sitini na moja mkono wa kushoto
ulikuwa na kazi zake, zisizotajwa mezani.
Leo uingie kwenye sinia la pilau, mbele ya mashemeji?
Siku ya kwanza nilikula jikoni, nimeupa uso ukuta.
Siku ya pili shoga yangu Mwanahawa
akaja akaketi papo hapo sakafuni
akala kwa kushoto, makusudi,
wali ukimmwagikia kifuani.
Hakusema neno.

Halafu jioni moja Sikuzani, mpangaji wa chumba cha uani,
akasimama mlangoni: Bibi, niazime ule ubao.
Nikamtazama. Mikono miwili, mizima, ina hina.
Lakini mmoja ulikuwa na mtoto, na mtoto ana homa,
hataki kuwekwa chini.
Kumbe.

Baada yake akaja muuza chipsi aliyeungua kiganja.
Juzi Mwanahawa mwenyewe, simu sikioni,
kitunguu kinakatika, umbea haukatiki.

Leo nina samaki, nina nyanya, na ubao sina.
Nimemtuma mtoto nyumba ya tatu,
kule wamesema uko nyumba ya tano.
Nakaa kizingitini nangoja mali yangu.
Upepo unalifukuzia gazeti la mchicha.
Nauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto,
nauweka juu ya gazeti.
Ni mzito.
Gazeti haliendi popote.